Kikombe Kisicho na Mkono

Jumatatu, 5 Machi 2007

Nimerudi kutoka Katesh na cheti changu, kimelowa pembe moja. Semina ya siku tatu juu ya mtaala mpya, chai ya maziwa asubuhi, wali mchana, na mwezeshaji aliyesema "mwanafunzi ndiye kitovu" kila baada ya sentensi mbili, mpaka mwalimu mkuu mwenzangu mmoja wa upande wa Basotu akawa anasinzia kwa kufuata mdundo. Mimi sikusinzia. Niliandika kila kitu.

Kwa ufupi ni hivi: mwalimu aache kummiminia mtoto maarifa kama anayejaza debe. Watoto wakae vikundi, waulize, watende kwa mikono, watumie vitu vya mazingira yao. Na katika Stadi za Kazi tualike wageni wa kijijini wenye ufundi waje kuonyesha. Hapo ndipo nilipopenda. Muhtasari wenyewe tumepewa nakala moja kwa shule nzima, na vitabu tumeambiwa vitafuata. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona kitu kilichosemwa kitafuata kikafuata.

Barabara ya kupanda Gitting ni tope tupu. Lori la mahindi lilinifikisha nusu ya njia, iliyobaki nikaimaliza kwa miguu, viatu mkononi.

Jumanne, 6 Machi

Kikao cha walimu. Niliwasomea maelezo yangu yote. Mwalimu Baltazar, ambaye anastaafu mwakani na anataka kila mtu ajue, alisikiliza huku akichonga penseli mpaka ikabaki kipande. Nilipomaliza akasema ameona mitaala mingi ikija na ikipita, na ubao bado upo, na moja jumlisha moja bado ni mbili. Wenzake wakacheka. Nikamwambia mwaka huu hata yeye atapanga madawati duara. Akasema atapanga, ila watoto watakaompa kisogo wasije wakalalamika kwamba hawakumwona.

Mwalimu Gidamis hakusema kitu. Huyu kijana anayefundisha Darasa la Tano ndiye Mbarbaig wa kwanza, mtoto wa wafugaji wa tambarare ya hapa chini, kuwa mwalimu, na nilipoletewa nilimshukuru Mungu. Lakini ni mkimya mno. Anaongea kama mtu anayelipia maneno.

Jumatano, 7 Machi

Mvua.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua imekaza. Mlima Hanang hatujauona tangu Ijumaa.

Shule yetu ya Endabarsi iko katikati ya mteremko. Watoto wa wakulima, Wairaqw wenzangu, wanateremka kuja shuleni. Watoto wa wafugaji wanapanda. Nilipohamishiwa hapa walikuwepo wa kuteremka tu; wa kupanda aliwahi kuwepo Gidamis peke yake, miaka mingi kabla yangu. Hao wa kupanda nimewatafuta mwenyewe, boma kwa boma, na fimbo ya kufukuzia mbwa, nikikalishwa juani na kuambiwa nisubiri ng'ombe wakishakunywa maji. Sasa wako thelathini na kitu. Imakulata yuko Darasa la Saba, na akifanya mtihani Septemba atakuwa binti wa kwanza wa bomani kwao kuufikia. Nikifa leo, hicho ndicho nilichofanya duniani, pamoja na kumvumilia Xavery.

Xavery ni mume wangu. Yuko kwetu Bashay na vitunguu saumu vyake, anavipalilia kwa upendo ambao mimi nilionyeshwa mwaka wa kwanza tu.

Alhamisi, 15 Machi

Nimepata mgeni mwalikwa. Mada ya Darasa la Tano ni kutengeneza vifaa, na nani anatengeneza vifaa hapa kama siyo mzee Gidabarda, mhunzi wa kule korongoni? Visu vyetu, mikuki na kengele za ng'ombe za wafugaji, bangili za shaba za mama zao, vyote vinatoka kwenye moto wake. Nimemwendea mwenyewe. Ni Mbarbaig, ila anaishi na familia yake upande huu, karibu na wakulima. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika, mtaala ndivyo unavyosema. Akauliza huyo mtaala ni mtu wa wapi.

Najua wafugaji hawachangamani na ukoo wa wahunzi. Nimezaliwa Mbulu, sikuzaliwa Ulaya. Hawaoani nao wala hawali nao. Lakini hayo ni mambo ya ndoa na ya wazee, siyo ya vipindi viwili vya Stadi za Kazi. Gidamis yuko Babati kufuatilia mshahara uliokwama. Nitamweleza akirudi.

Ijumaa, 16 Machi

Mvua. Mbuzi wa jirani wamekula bustani ya shule, yaani wamekula zana za somo la Sayansi.

Jumatano, 21 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na mvua ilitupa nafasi.

Mzee Gidabarda alifika na mivuo yake ya kupulizia moto, nyundo, kapu la makaa na kigoda chake. Tulikuwa tumemwekea kiti changu cha ofisini. Hakukikalia. Alikizunguka, akaenda kuweka kigoda chake mbali, katikati ya uwanja. Kisha akachota majivu, akachora mstari ardhini, akaniambia watoto wasiuvuke. Nikamwambia katika mtaala mpya watoto wanashika na kutenda. Akasema basi watende wakiwa upande wao. Mzee ana maringo, nilijisemea moyoni. Unamwita mtu kwa heshima, naye anakupimia umbali.

Gidamis alikuwa amerudi asubuhi ile ile, suruali imejaa tope la safari. Nilipomwambia mgeni ni nani, alisema, "Mwalimu mkuu, ungeniuliza." Nikamjibu kwamba ratiba imeshapangwa. Somo lilipoanza, mimi nikiwa nimepanga vikundi mchanganyiko kama tulivyofundishwa, yeye akawachukua watoto wa wafugaji wote, akawakalisha kando kwenye uzio wa minyaa, wachore wanachokiona. Nilimfokea pale pale, mbele ya darasa. Nilisema katika shule yangu watoto hawagawanywi kwa kabila. Akasema ndiyo, mwalimu mkuu, na hakuwasogeza.

Somo lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyoota. Chuma kikawa chekundu, kikawa laini, kikawa kengele. Watoto wasiofungua mdomo tangu Januari waliuliza maswali. Mmoja aliuliza kwa nini chuma hakigeuki majivu kama kuni. Hata Baltazar alikuwa barazani na madaftari mapajani, anajifanya anasahihisha.

Wakati wa uji nikamwambia mama Lucia, mpishi wetu, ampelekee mgeni kikombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikombe kikaenda na uji, kikarudi kitupu, kikatumbukizwa kwenye karai pamoja na vingine. Mzee alifungasha vitu vyake, akaniachia ile kengele, akaondoka bila maneno mengi. Nimeitundika ofisini.

Alhamisi, 22 Machi

Nimempa Gidamis onyo mbele ya wenzake. Alitazama sakafu. Siwezi kuongoza mageuzi na mtu anayetazama sakafu.

Ijumaa, 23 Machi

Mvua ya mawe. Majani ya mahindi yamechanika yote.

Jumatatu, 26 Machi

Hawakuja. Hakuna hata mmoja wa wale wanaopanda.

Kwanza nilidhani korongo limejaa. Saa tatu wakafika baba zao watatu, wakasimama penye mlingoti wa bendera wakiegemea fimbo. Mmoja alinisalimia kwa adabu, akasema bila kupandisha sauti kwamba walinipa watoto niwafundishe, siyo niwanyweshe kikombe kimoja na mhunzi. Kikombe alichonywea kimechanganyika na vyao, na hakuna ajuaye ni kipi. Watoto hawatarudi. Mvua ikikatika watahama na ng'ombe kwenda malisho ya mbali kama kila mwaka, na safari hii watoto wataondoka nao. Na Imakulata kuna watu wameshakuja kumposa.

Nikawajibu kwamba kikombe kilioshwa kwa sabuni. Naona aibu hata kuliandika jibu hilo. Walinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mdogo aliyejikojolea kanisani, wakaondoka.

Baltazar alikuwa mlangoni mwa darasa lake. Alisema mtaala ulitaka jamii ishiriki, na sasa jamii imeshiriki. Nilikuwa na chaki mkononi, na Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wangu.

Jumatano, 28 Machi

Nimeteremka bomani kwa kina Imakulata. Nimekalishwa juani kama miaka ile ya kwanza. Hawakunipa maziwa. Imakulata alipita na ndama, akanisalimia shikamoo kwa sauti ndogo, hakusimama.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua. Madawati yale bado matupu. Katika Darasa la Pili wenzao wamejinyoosha wakayajaza, nikawarudisha kwenye nafasi zao. Sijui kwa nini. Nilitaka mapengo yaonekane.

Jana kanisani watu waliomba mvua ipungue, maharage yasioze. Nilipiga magoti nao nikaomba isikatike. Majani yakiwepo hapa, maboma hayahami. Mungu atachagua.

Jumapili, 8 Aprili, Pasaka

Bashay. Kwaya, nyama, vitunguu saumu hadi kwenye ndoto. Nilimsimulia Xavery yote. Aliuliza swali moja tu, huyo kijana wenu Mbarbaig anasemaje? Nikasema hasemi kitu, ndiyo tabia yake. Xavery akasema, "Ulimuuliza lini?" Nikamwambia aangalie vitunguu vyake.

Sikulala vizuri.

Jumanne, 10 Aprili

Nimemuuliza.

Nilimwita Gidamis ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia anifundishe kama anavyofundisha Darasa la Tano. Akakaa kimya kwa muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza nikamwacha akae kimya.

Kumbe mzee Gidabarda hakuwa na maringo. Anajua mipaka kuliko mimi, maana ameishi ndani yake maisha yake yote. Kigoda alikuja nacho ili asikalie kitu cha shule. Mstari wa majivu aliuchora ili mtoto yeyote wa wafugaji asije akakanyaga alipo, kisha mama yake akaulizwa. Na Gidamis aliwapeleka watoto kwenye uzio kwa sababu hiyo hiyo, wazazi wakiuliza, aweze kusema waliona tu. Wanaume wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, walikuwa wanailinda shule yangu mbele ya macho yangu, nami nikamwita mmoja mwenye maringo na mwingine nikamfokea mbele ya watoto. Nilijisikia mdogo, na nilistahili.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Uliniambia nisigawe watoto kwa kabila," alisema. "Nikaona maneno yangu yataongeza kosa."

Akaendelea kwamba kila kitu siku ile kilikuwa salama, isipokuwa kikombe. Kama mzee alikitia mdomoni, basi. Kama hakukitia mdomoni, hakuna jambo. Lakini neno lake mwenyewe halitoshi, kwa kuwa ni shauri lake, na hao akina baba waliokuja hawana la kuamua, maana vyombo na chakula ni mambo ya akina mama. Akina mama wakikaa na kusema, waume wanatii. Anayesikilizwa zaidi kati yao ni mama yake yeye Gidamis. Anachohitaji ni shahidi mmoja.

Mama Lucia alimkabidhi mzee kikombe, akarudi jikoni. Gidamis alikuwa amewageukia watoto. Mimi nilikuwa nawafurahia watoto wanaouliza maswali. Tukatazamana, halafu wote wawili tukageukia dirisha. Ng'ambo ya uwanja Baltazar alikuwa anaimbisha jedwali la saba. Yeye ndiye aliyekuwa ametazama muda wote.

Afadhali ningekula chaki.

Jumatano, 11 Aprili

Alinisimamisha mlangoni mpaka jedwali likaisha. Kisha akatoka, akasikiliza, akasema, "Nasubiri uniulize tangu siku ile."

Aliona yote. Mzee Gidabarda alichukua kikombe, akatoa kibuyu chake kapuni, akamimina uji kwa juu bila kukigusisha kikombe kinywani, akakiweka kitupu kwenye majani, akanywa kutoka kwenye kibuyu chake. "Na kilikuwa kile kisicho na mkono," akaongeza. "Mlimpelekea mgeni kikombe kibovu kuliko vyote jikoni."

Nilimuuliza kwa nini alikaa kimya wakati watoto wanapotea. Alisema aliponisikia nikiwaambia wale wazee habari ya sabuni, aliona mimi ni mtu wa kuongea tu. Na kwenye vikao, alisema, Baltazar akifungua mdomo watu wanajiandaa kucheka. Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe hujiandaa kumjibu kabla hajamaliza.

Nilimuuliza kama atasema mbele ya akina mama. Alisema atasema alichokiona, lakini mtaala wetu hatausifia. Ningemkumbatia mzee yule, ila tungeaibika wote wawili.

Alhamisi, 12 Aprili

Gidamis ameteremka kwa mama yake.

Jumatatu, 16 Aprili

Amerudi. Akina mama watakaa, lakini siyo sasa. Kuna msiba kwenye boma moja, lazima siku zake ziishe. Tusubiri.

Alhamisi, 19 Aprili

Jua siku nzima. Wakulima wanashangilia, maharage yameanikwa hadi kwenye ngazi za kanisa. Mlima umejitokeza wote, mzuri ajabu, nami nauchukia.

Jumamosi, 21 Aprili

Jua. Boma moja limeshahama. Siyo la kina Imakulata.

Jumanne, 24 Aprili

Mawingu. Nikatoka nje kuyatazama kama anayesubiri ugeni. Jioni ikanyesha, ikanyesha kwelikweli, na mama Lucia akanikuta nimesimama kwenye baraza natabasamu peke yangu. Aliniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia nimepata wiki moja.

Jumamosi, 28 Aprili

Nitaandika polepole, nisisahau kitu.

Walikuja asubuhi, akina mama peke yao, wakakaa kwenye majani ya uwanja wetu wa mpira, sketi zao za ngozi zimetandazwa, fimbo mikononi, bangili za shaba hadi kwenye viwiko. Niliziangalia bangili zile na kumwaza aliyezitengeneza. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, peke yake, mbali kiasi kwamba ili asikie ilibidi Gidamis apaze sauti. Hakuitwa kujitetea. Alikuja tu, akasimama.

Mama yake Gidamis ni mwembamba, mrefu, na anaongea kama mwanawe, kwa kipimo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliniuliza ni nani aliyetoa wazo la kumwita mhunzi. Nikasema ni mimi. Nani aliyetuma kikombe? Mimi. Kuna mama yeyote niliyemuuliza? Hakuna. Sikutaja mtaala. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilisema maneno matatu mfululizo bila kuutaja mtaala.

Kisha wakamwita Baltazar. Alivua kofia, akasimulia kikombe, kibuyu, majani. Gidamis alianza kutafsiri, mama yake akamzuia kwa mkono, Kiswahili anakisikia. Akamgeukia Baltazar.

"Wewe mzee, unalipenda hilo somo la mwalimu?"

"Silipendi."

"Ulitaka liharibike?"

Nilifumba macho. Baltazar angeweza kudanganya hapo na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilitaka," alisema.

"Na bado unasema hukuona kikombe mdomoni?"

"Kikombe hakikufika mdomoni, mama. Huyu kijana wako nilimfundisha mimi kusoma. Nikikudanganya leo, na yeye nilimfundisha uongo."

Wakaongea wenyewe kwa wenyewe muda mrefu. Mawingu yalipita juu yetu mara mbili. Halafu mama yake Gidamis akasimama kwa kuegemea fimbo, akasema, na mwanawe akatafsiri kwa ajili yetu sisi wa juu. Watoto watarudi Jumatatu. Imakulata atafanya mtihani, na wachumba watajifunza kusubiri. Kikombe kisicho na mkono kilishatolewa kwa mhunzi, na kitu ukishampa mtu ni chake, kwa hiyo shule impelekee. Kuanzia sasa kila mtoto atakuja na kikombe chake kutoka nyumbani, ili ubishi huu usirudi. Na mwalimu mkuu atatoa faini ya asali, kwa sababu aliwaingiza watoto wa watu kwenye jambo bila kuwauliza mama zao.

Nikasema nakubali. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, mama Lucia akanishikia kitenge changu, akasema moshi wa leo ni mbaya. Hakukuwa na moto.

Jumatatu, 30 Aprili

Nilikuwa getini kabla ya kengele. Ukungu. Kwanza nilisikia mlio wa bati, kisha nikawaona wanapanda, mstari mzima, kila mmoja na kikombe kimefungwa kwa kamba kiunoni au shingoni. Vya bati, vya plastiki, kimoja cha mti. Imakulata alikuwa mbele. Alisema shikamoo mwalimu kwa sauti kubwa hata Darasa la Kwanza ndani wakajibu marahaba.

Nimeita mahudhurio ya madarasa yote mimi mwenyewe. Baadaye kikaoni nimemwomba Gidamis radhi, mbele ya wale wale niliomwonya mbele yao. Alitazama sakafu. Safari hii nilijua anachokifanya: ananisitiri.

Jumatano, 2 Mei

Nimempelekea mzee Gidabarda kikombe chake. Akakigeuza, akatazama palipokuwa na mkono, akaguna. Nikamwambia nasikitika kwa kikombe kibovu na kwa mengine yote. Akasema uji ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 4 Mei

Xavery amefika kwa pikipiki na dumu la asali kutoka Mbulu. Ameniambia ni faini ya kwanza katika ndoa yetu ambayo siyo yake. Akina mama wameipokea. Nimeonjeshwa maziwa.

Jumatatu, 14 Mei

Watoto wa wakulima nao wamekataa vikombe vya shule. Kila mmoja anataka chake, chenye kamba. Imekuwa fasheni.

Jumatano, 16 Mei

Mkaguzi. Alikagua maandalio, akashika kengele ya mhunzi, akauliza juu ya ushirikishwaji wa jamii. Nikasema jamii yetu imeshiriki vya kutosha. Kabla ya kuondoka akaandika sifa maalumu kwa uongozi wa shule kwa kubuni utaratibu bora wa afya, ambapo kila mwanafunzi ana kikombe chake. Walimu wote wakatazama darini. Baltazar alikohoa mpaka akatolewa nje.

Alhamisi, 24 Mei

Jua. Liwake tu.

Jumatatu, 4 Juni

Maboma mengine yameanza kuhama na ng'ombe. Watoto wa shule wameachwa kwa bibi zao. Baltazar anafundisha nje, duara. Nilipopita alisema ni kwa sababu paa la Darasa la Sita linavuja, nisijipe moyo. Haijanyesha wiki mbili.

Ijumaa, 8 Juni

Tumefunga shule. Mzee Gidabarda alikuwa amenitumia neno nipite. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, na mbele yake kigoda kingine kidogo, kipya, na juu yake kikombe chetu. Kimewekewa mkono wa shaba, umepigwa misumari miwili midogo, umeng'arishwa. Sijawahi kuona mkono wa kikombe mzuri hivyo.

Akamwita mjukuu wake, Glory. Mtoto ana miaka sita, pengo mbele, anajificha nyuma ya mivuo. Sikuwahi kumhesabu. Nilitembea kila boma la tambarare hii nikitafuta watoto, na huyu yupo hatua chache kutoka njia ninayopita kila siku.

"Nimesikia kila mtoto sasa anakuja na kikombe chake," alisema mzee. "Huyu ana chake. Na cha kukalia anacho."

Machi ningesema ndiyo hapo hapo, na ningemnukulia muhtasari. Nilimwambia anipe siku moja, kuna mtu wa kuuliza kwanza. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa ametegemea jibu hilo na kulipenda.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeteremka kwa mama yake Gidamis. Sikukalishwa juani. Nilimweleza habari za mtoto, kikombe, na kigoda, nikasema Januari ni mbali, ana muda wa kufikiri. Alinisikiliza huku akizungusha bangili zake mkononi, moja baada ya nyingine, zote za mkono wa mzee yule.

"Safari hii umeuliza," alisema. "Mlete."